Mji Ambao Mitaa Yake Huitwa Malango

Mgeni anayeingia York, kaskazini mwa Uingereza, na Kiingereza cha shuleni atasumbuliwa na vibao vya mitaa. Stonegate, Coppergate, Skeldergate, Micklegate. Kila upindapo kona ni "gate", na sote tulifundishwa kwamba hilo ni lango. Nilisimama katikati ya Stonegate nikatazama mbele na nyuma. Hapana lango, ni mtaa wa maduka tu. Malango yenyewe yapo kwenye ukuta mkongwe wa mji, makubwa, ya mawe, na kila moja huitwa "bar".

Chanzo chake ni vita. Mwaka 866 Waviking kutoka Skandinavia waliuteka mji huu, na watawala wao wakaja na kuondoka hadi 954, yule wa mwisho alipofukuzwa. Katika lugha yao "gata" ni njia, na Mswidi wa leo bado huuita mtaa hivyo hivyo. "Mickle" nalo ni neno la kale lenye maana ya kubwa, ambalo Mwingereza wa London halitamki tena. Basi Micklegate ni Barabara Kubwa, na hakuna anayeingia mjini kwa njia hiyo leo anayehitaji kulijua hilo, ila mimi nilifurahi kulijua.

Coppergate ilinigusa zaidi. Maana yake ni mtaa wa mafundi wa vikombe. Wanaakiolojia walipochimba hapo kati ya 1976 na 1981 walikuta vikombe na mabakuli ya mbao, pamoja na vipande vilivyotupwa na mafundi waliokuwa wakikereza. Mafundi wale walikufa kama miaka elfu moja iliyopita, lugha yao ikapotea mjini, na kibao cha mtaa kikaendelea kutoa ushahidi wa kweli.

Kisha kuna Shambles, kichochoro chembamba ambacho ghorofa za juu zimeinama hadi karibu zigusane. Kiingereza cha leo hutumia neno hilo kwa fujo na vurugu. Asili yake ni kiti kidogo, kigoda cha kuwekea miguu. Kigoda kikawa meza ya kuuzia bidhaa, meza ikawa ya nyama, soko la nyama likachukua jina la meza, machinjio yakachukua jina la soko, na kutoka damu ya machinjio neno likafika kwenye kila kitu kilichovurugika. Kulabu za kutundikia nyama bado zimo kwenye baadhi ya kuta, juu ya madirisha ya maduka yanayouza peremende na zawadi.

Canterbury, mji wa Kent huko kusini, hali ni nyingine. Huko Westgate ni lango hasa, mnara wa karne ya 14 unaopitika chini yake, kwa kuwa Waviking hawakukaa Kent wakaibadilisha lugha. Na wauza nyama wa Canterbury mtaa wao ni Butchery Lane. Neno hili liliingia na Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, baada ya 1066, likitokana na jina la Kifaransa la beberu la mbuzi: mchinja mabeberu. Kazi moja, nchi moja, majina mawili, na kila jina limeshika historia yake. Sisi tulilipokea la pili tukaliita bucha. Anayetumwa bucha pale Kariakoo anataja beberu la Kifaransa bila kujua.

Safari ya Shambles ilinikumbusha gereza letu. Neno hilo hurudishwa kwenye neno la Kireno la kanisa, kwa kuwa Wareno walijenga makanisa ndani ya ngome zao. Kutoka kanisa likahamia kwenye ngome, kutoka ngome likahamia kwenye kifungo. Na Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilitumika kuwa jela tangu 1895 hadi 1958.

York imetuzidi kwa jambo moja: watu wake wameandika. Muuza duka wa Stonegate anajua jina lilikotoka, na asiyejua atalikuta limechapishwa. Unguja tuna Darajani pasipo daraja na Ng'ambo pasipo maji, kwa sababu mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na upande wa pili ulifukiwa. Vijana wangapi wa Michenzani, huko huko Ng'ambo, wanaweza kueleza ni ng'ambo ya nini? Ninaziomba halmashauri zetu, kabla ya kubandika kibao kipya chenye jina la kiongozi, ziwaulize wazee wa mtaa jina la kwanza lilitoka wapi, ziliandike, na ziliache mahali pake.