Treni Haibebi Kabati

Madalali wa ardhi siku hizi hawauzi ekari, wanauza dakika. "Dada, hapa dakika arobaini tu uko mjini." Tangu Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kila shamba la mihogo karibu na stesheni za Soga na Ruvu limekuwa "jirani na mjini". Bodaboda ya kutoka stesheni hadi kiwanjani haihesabiwi. Tope la masika pia halihesabiwi.

Nina miezi saba natafuta kiwanja huko, na si cha kupumzikia wikiendi. Baba yangu ni seremala Keko. Mwenye banda analopanga anataka kujenga fremu za maduka, ametupa hadi Desemba. Mzee ana miaka 67, ana randa, patasi, misumeno na mashine moja ya kupasulia mbao. Bila banda, vyote hivyo vitakaa uvunguni kwangu, naye atakaa sebuleni akitazama taarifa ya habari. Sijui nani ataanza kushika kutu.

Mimi naandika habari, kazi yangu inaenea kwenye begi. Ndiyo maana tukifika kiwanjani hatuoni kitu kimoja. Mimi natazama saa: niamke saa ngapi ili saa mbili niwe ofisini? Yeye anatazama nguzo. Mashine yake inataka umeme wa njia tatu, na kama laini iko mbali, kuuvuta kunaweza kugharimu kuliko ardhi yenyewe. Anauliza lori la mbao litageuzia wapi. Anauliza kabati likiisha litamfikiaje mteja aliyezoea kumkuta Keko. Treni inanibeba mimi, haibebi kabati.

Upande wa Soga tulipata kiwanja kinachojibu karibu yote hayo. Ila ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, kwa hiyo dalali na muuzaji hawamalizani wenyewe. Tukaenda kwa mwenyekiti. Hakuanza na pesa. Alituonyesha kuta za matofali zilizozungushia majani matupu.

"Wenye hivi viwanja wako mjini. Nyie, mzee wangu, mnakuja kuishi au kuzungushia ukuta?"

Kabla sijafungua mdomo, baba akasema, "Mimi nakuja kupiga kelele."

Akaeleza mashine inavyolia, vumbi lake, saa ya kuiwasha na saa ya kuizima. Mwenyekiti akacheka. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akauliza kama anatengeneza milango. Kijana pembeni akauliza kama anafundisha.

Halmashauri itakaa Jumamosi. Kuamka saa kumi na moja nitazoea, watu wengi wa Dar wameshazoea. Ninachoombea ni hao wawili: anayetaka mlango na anayetaka kazi. Bila wao, hata Posta ingekuwa mbali kwa mzee.