Jezi za Wasiocheza: Jinsi Heshima ya Viwanjani Ilivyowafikia Wasanii wa Mitaani

Katika michezo ya Marekani na Kanada, heshima ya juu kabisa ambayo klabu inaweza kumpa mchezaji wake ni kustaafisha namba ya jezi yake, yaani kuamua kwamba hakuna mwingine wa klabu hiyo atakayeivaa tena, na kuitundika namba hiyo darini ikiwa imeandikwa kwenye kitambaa kikubwa ambacho kila aingiaye ukumbini hukiona. Kwa miongo mingi sharti la heshima hiyo lilieleweka na wote bila kuandikwa popote: aliyetundikwa juu alikuwa ametoka jasho chini. Hata hivyo, katika kipindi ambacho mashabiki wengi walio hai leo wanakikumbuka vyema, sharti hilo lililegea, na baadhi ya timu zikaanza kuwaenzi waimbaji na wachoraji wa miji yao ambao hawakuzichezea hata dakika moja. Makala haya yanafuatilia badiliko hilo kwa kutazama miji miwili, Minneapolis na Brooklyn, na yanashikilia kwamba haliwezi kueleweka pasipo kukumbuka jambo ambalo miji yote miwili ilitendewa: kuachwa na timu zake.

Desturi yenyewe ilizaliwa katika majonzi. Desemba 1933 Ace Bailey, mchezaji wa hoki ya barafuni wa Toronto Maple Leafs, aliumizwa vibaya kichwani katika mechi dhidi ya Boston na hakuweza kucheza tena. Tarehe 14 Februari 1934 ilichezwa mechi ya kumchangia fedha, na namba 6 aliyoivaa ikastaafishwa. Klabu ya besiboli ya New York Yankees ilifuata mkondo huo kwa namba 4 ya Lou Gehrig, ambaye maradhi ya neva yalimlazimisha kuacha mchezo mwaka 1939. Katika mifano hiyo ya mwanzo klabu ilikuwa ikimlilia mtu wake, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini yeye na si mwingine.

Ufa mkubwa katika sharti hilo ulitokea kwa sababu njema. Jackie Robinson, mzaliwa wa jimbo la Georgia aliyelelewa Pasadena, California, aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947 na kuvunja ukuta wa ubaguzi uliokuwa umewafungia wachezaji weusi nje ya ligi kuu ya besiboli kwa zaidi ya nusu karne. Miaka 50 baadaye, tarehe 15 Aprili 1997, ligi ilitangaza kwamba namba 42 ya Robinson inastaafishwa katika timu zote, zikiwemo zile ambazo hakuwahi kuzichezea na zile ambazo hazikuwepo enzi zake. Waliokuwa wakiivaa siku hiyo waliruhusiwa kuendelea, na wa mwisho wao, Mariano Rivera wa Yankees, alistaafu mwaka 2013. Uamuzi huo ulikubali hadharani kwamba mtu anaweza kuidai heshima ya klabu kwa yale aliyoifanyia jamii nzima, na mlango huo, ukishafunguliwa, haukufungwa tena.

Wakati huohuo jambo jingine lilikuwa limeyatia uchungu mahusiano ya timu na miji. Msomaji aliyezoea klabu za wanachama za Afrika Mashariki anapaswa kufahamu kwamba timu kubwa ya Marekani kwa kawaida ni mali ya tajiri au kundi la matajiri, nao wakipata kibali cha ligi wanaweza kuifungasha na kuihamishia mji mwingine, pamoja na jina lake na vikombe vyake. Ndivyo Dodgers walivyoiacha Brooklyn baada ya msimu wa 1957 na kwenda Los Angeles. Ndivyo pia timu ya mpira wa kikapu ya Lakers, walioanzia Minneapolis mwaka 1947 na kutwaa ubingwa mara tano wakiwa huko, walivyohamia mji huohuo wa Los Angeles mwaka 1960, na ndivyo timu ya hoki ya Minnesota North Stars ilivyoondoka mwaka 1993 kwenda Dallas. Mtu wa Minneapolis aliyezaliwa katikati ya karne iliyopita amekwisha kushuhudia timu mbili zikifunga virago.

Prince Rogers Nelson alizaliwa Minneapolis tarehe 7 Juni 1958, wakati Lakers wangali mjini. Alipokuwa mwanafunzi wa shule ya Bryant na baadaye Central alicheza mpira wa kikapu, akiwa mfupi kuliko wenzake lakini mwepesi wa miguu, na mapenzi hayo ya mchezo hayakumtoka hata alipokuwa mwanamuziki anayejulikana dunia nzima. Agosti 3, 1983 alipiga katika klabu ya muziki ya First Avenue, katikati ya mji, onyesho ambalo sehemu yake iliingia katika albamu ya Purple Rain ya mwaka 1984. Filamu yenye jina hilohilo nayo ilipigwa humo, na tangu hapo rangi ya zambarau ikawa yake. Jambo la kuzingatia zaidi ni alilolifanya baada ya kutajirika. Ingawa aliishi kwingine kwa vipindi, alijenga studio na makao yake, Paisley Park, huko Chanhassen pembezoni mwa Minneapolis mwaka 1987, wakati ambapo mwanamuziki mwenye jina alitarajiwa kuhamia Los Angeles au New York. Timu zilikuwa zimehamia Los Angeles, yeye alibaki.

Mpira wa kikapu ulirejea mjini mwaka 1989 kwa timu mpya ya Minnesota Timberwolves, na mwaka uliofuata ukafunguliwa ukumbi wa Target Center, ambao unatazamana na First Avenue ng'ambo ya barabara. Mpangilio huo wa majengo unafaa kutazamwa kwa makini. Upande mmoja pana kituo cha mabasi cha zamani kilichogeuzwa klabu ya muziki, ambacho kuta zake za nje zimepakwa rangi nyeusi na kuchorwa nyota za rangi ya fedha, kila nyota ikiwa na jina la msanii au kundi lililopiga humo. Nyota ya Prince ilipakwa rangi ya dhahabu alipofariki mwaka 2016, na miongoni mwa mamia ya nyota za fedha jicho huiona upesi. Upande wa pili pana ukumbi wa timu ambayo kwa miaka mingi namba pekee ya mchezaji iliyotundikwa darini mwake ilikuwa 2 ya Malik Sealy, aliyefariki katika ajali ya gari Mei 2000. Kila upande ulikuwa na njia yake ya kuwakumbuka watu wake, na barabara moja tu ilizitenganisha.

Prince ndiye aliyeivuka barabara hiyo kwanza. Januari 2010, baada ya kuitazama Minnesota Vikings ikishinda mechi ya mchujo ya mpira wa miguu wa Kimarekani, aliitungia timu hiyo wimbo. Tarehe 14 Oktoba 2015 alikuwa Target Center wakati timu ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Minnesota Lynx ilipoifunga Indiana Fever pointi 69 kwa 52 katika mechi ya tano na ya mwisho ya fainali, ikatwaa ubingwa wake wa tatu. Usiku huohuo aliwaalika wachezaji Paisley Park, akawapigia muziki kwa takriban saa tatu, na Maya Moore, Lindsay Whalen, Seimone Augustus na wenzao wakacheza dansi hadi usiku wa manane ukawa umepita zamani. Hapakuwa na mkataba wala tangazo la biashara. Mabingwa wa mchezo wa wanawake, ambao vyombo vya habari vilikuwa vikiwapa nafasi ndogo kuliko wanaume, walipewa sherehe ya heshima na mkazi mwenzao maarufu kuliko wote.

Miezi sita baadaye, tarehe 21 Aprili 2016, Prince alifariki Paisley Park. Daraja la I-35W mjini na uwanja wa besiboli wa Target Field viliwashwa taa za zambarau, na watu walikesha wakicheza nje ya First Avenue. Juni 2018 timu ya besiboli ya Twins iliandaa usiku wa kumuenzi, na katika msimu wa 2018/2019 Timberwolves wakavaa jezi ya zambarau iliyoandaliwa kwa ushirikiano na wasimamizi wa mirathi yake, herufi zake zikifuata mtindo wa zile za Purple Rain.

Brooklyn ilifika hapohapo kwa njia tofauti. Timu ya mpira wa kikapu ya Nets ilihamia huko kutoka New Jersey mwaka 2012, baada ya miaka 55 ya mji huo kukosa timu kubwa, na kwa kuwa haikuwa na historia pale ililazimika kuitafuta kwa wenyeji. Tarehe 12 Machi 2017, siku chache baada ya kutimia miaka 20 tangu rapa Christopher Wallace, aliyejulikana kama The Notorious B.I.G., auawe kwa risasi Los Angeles, Nets walitundika darini kitambaa chenye jina la Biggie na namba 72, kwa kuwa alizaliwa mwaka 1972, mbele ya mama yake, Voletta Wallace. Msanii huyo alikuwa amekulia mtaa wa St. James Place, mwendo mfupi kutoka ukumbini, na alifariki miaka 15 kabla ya timu hiyo kufika. Katika msimu wa 2020/2021 ikafuata jezi ya kumuenzi mchoraji Jean-Michel Basquiat, mzaliwa wa Brooklyn.

Biashara nayo ilichangia kuisukuma desturi hii. Tangu mwaka 2017, kampuni ya Nike ilipoanza kutengeneza jezi za NBA, yaani ligi kuu ya mpira wa kikapu, takriban kila timu hutoa kila msimu jezi mpya inayohusishwa na mji wake, na jezi hiyo huuzwa madukani. Rangi nyingi za jezi ya Nets ya 2018/2019, zilizokumbusha sweta zilizohusishwa na Biggie, zilisababisha kampuni ya sweta hizo, Coogi, kufungua shauri mahakamani mwaka 2019. Jina la marehemu linapokuwa bidhaa ya msimu mmoja, kuna hatari ya mji kuuziwa tena kile ambacho ulikuwa nacho tayari.

Pamoja na hatari hiyo, badiliko hili linastahili kutetewa, kwa sababu linairudishia miji haki ya kusema nani ni wake. Mmiliki anaweza kuiondoa timu na vikombe vyake, lakini hawezi kuhamisha miaka ambayo Prince aliishi miongoni mwa majirani zake, wala utoto wa Biggie pale St. James Place. Timu inayowatundika watu hao inakiri kwamba yenyewe ndiyo mgeni na kwamba inaomba kupokewa. Kipimo cha ukweli wa ombi hilo ni matendo yanayofuata: kama bei ya tiketi inawaruhusu watu wa mtaa ule kuingia, kama wasanii chipukizi wanatazamwa wangali hai, na kama timu itakaa pale mambo yakiwa magumu. Kukaa ndiko Prince alikokufanya kwa Minneapolis, na klabu yoyote inayovaa rangi yake inawiwa na mji huo deni lilelile.