Mahali pa Kulala Kando ya Ziwa

Wapendwa vijana,

Mwezi uliopita wajumbe wa vikundi vyenu walitutembelea nyumbani, hapa Likasi, wakiwa na daftari na kalamu. Walikuwa wakiandaa safari ya likizo kuu hadi Moba, kwenye ziwa Tanganyika, na ombi lao lilikuwa moja tu: tuwaandikie majina ya fukwe nzuri ambako gari linaweza kusimama na watu wakalala. Walikuwa wamesikia kwamba jamaa yetu iliwahi kuipita njia hiyo. Tuliwapa chai, tukawapa na majina machache. Walipoondoka tulibaki na aibu, kwa sababu tulijua kwamba hatukuwajibu. Tunaandika haya ili kulipa deni hilo.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2019, shule zikiwa zimefungwa. Tulisafiri watu wanane katika gari la kuazima: sisi wazazi, watoto watano, na mama yetu mzazi, ambaye watoto humwita Kambo, kama tunavyowaita mabibi na mababu kwetu Katanga. Alikuwa amepita miaka 80. Alizaliwa Moba. Mwaka 1958, akiwa mke kijana, alipanda mashua hadi Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, kisha akapanda treni kupitia Kabalo na Kamina, juu ya reli iliyokuwa na miaka miwili tu tangu ikamilike, akashuka Jadotville, ndiyo Likasi yetu, alikokuwa akimngoja mume wake. Tangu siku hiyo hakuliona tena ziwa la kwao. Safari ilikuwa yake: alitaka kuweka miguu katika maji ya Tanganyika mara moja tena kabla Mungu hajamwita.

Sisi tulio walimu tunapenda majedwali. Majuma mawili kabla ya kuondoka tulitandaza ramani mezani, tukachora jedwali la vituo. Watoto walikuwa wameweka sharti: kila tutakapoweza, tulale kando ya maji, tena kwenye mchanga. Basi tulipanga siku ya kwanza kufika Lubumbashi, kilometa kama 120 za lami, tulale kwa ndugu. Kisha Kasomeno, pale njia ya Kasenga inapoachana na ile ya Pweto. Kisha Kilwa, kwenye ziwa Mweru, kisha Pweto, kisha milima ya Marungu, na mwisho Moba. Jedwali lilikuwa na safu ya kilometa, safu ya gharama, safu ya mafuta ya gari, na safu ya uzuri wa mahali, ambayo watoto waliijaza kwa furaha. Kambo alikuwa amekaa chumba hicho hicho, akichambua maharagwe. Hakuna aliyemuuliza neno.

Siku ya pili tuliondoka Lubumbashi kabla ya mapambazuko. Tulipoliona ziwa Mweru jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya miti, na kabla ya kuingia mjini watoto walipiga kelele wote kwa pamoja. Chini ya barabara palikuwa na ufuko mweupe, safi, bila nyumba, bila mtumbwi, bila mtu. Tulikuwa tumechoka, nao walikuwa wamengoja siku nzima. Tuligeuza gari, tukashuka hadi mchangani, tukaanza kufunga turubai.

Mama mmoja alipita juu yetu, beseni la mihogo kichwani. Alisimama, akatuamkia kwa heshima, kisha akauliza: “Baba, mmemuuliza nani?”

Tulimjibu kwamba hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

“Basi mngejiuliza kwa nini hapana mtu,” alisema.

Alitua beseni lake, akatuonyesha kati ya matete njia pana iliyokanyagwa, tuliyodhani ni njia ya wavuvi. Ilikuwa njia ya viboko. Mchana hukaa majini. Usiku hupanda kula majani, na hawampishi anayelala njiani mwao. Zaidi ya hayo, upande wa Kongo wa ziwa lile unaelekea mashariki, na katika miezi ya kiangazi upepo hutoka kusini-mashariki, huvuka maji yote na kuja kupiga ukingo huo. Wenyeji hujenga penye kizuizi cha miti au mwinuko. Ufuko ule ulikuwa mtupu kwa sababu wanaouishi karibu walikuwa na akili.

Kulitoa gari mchangani gizani kulichukua zaidi ya saa moja. Magurudumu yalizama, watoto wakubwa walisukuma, tulichimba kwa sahani za kulia. Muda huo wote Kambo alikaa juu ya jiwe, kitenge kimoja mabegani, upepo ukimpiga kifuani. Hakulalamika. Usiku tulilala uani kwa yule mama, ambaye alituwashia moto na kukataa malipo.

Kesho yake, tukiwa karibu na Pweto, Kambo alianza kukohoa, na jioni alikuwa na homa kali. Muuguzi alituambia wazi kwamba mgonjwa wa umri ule hapandishwi kwenye gari kabla homa haijashuka na kifua kutulia. Tulilala Pweto usiku tatu zaidi ya tulivyopanga. Fedha za mafuta zikawa fedha za dawa. Sisi wazazi tulikaa nje usiku tukihesabu kwa sauti ya chini, tukakubaliana kwamba akipata nafuu tungerudi Likasi. Gari lilikuwa la mtu, na siku ya kulirudisha ilikuwa imewekwa.

Binti yetu mkubwa ndiye aliyebadilisha mambo. Siku ya tatu, akimnywesha uji, alimuuliza: “Kambo, wewe ungependa tulale wapi?”

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa jamaa yetu kuuliza swali hilo.

Kambo alicheka kidogo, akajibu: “Mahali ambapo fimbo yangu haizami.”

Tulinyamaza. Mchanga tulioutafuta kwa bidii, tulioupa alama nyingi katika jedwali letu, ulikuwa ukuta kwake. Mzee anayetembea kwa fimbo hawezi kupita kwenye mchanga laini. Fimbo huingia kama kijiko katika bukari, na mguu hukosa egemeo. Kama tungefika Moba na kulala kwenye ufuko tuliouchagua, angekaa garini akiyatazama maji kwa mbali, baada ya miaka yote ile. Na asingetuambia, maana wazazi wetu wamezoea kuficha udhaifu wao ili wasiwaharibie watoto furaha.

Baada ya hapo alitutajia mengine, moja moja, kama mtu anayeagiza vitu sokoni. Choo kiwe karibu, kwa kuwa usiku huamka mara mbili. Pawe na nyumba yenye mama ndani, ili akipatwa na jambo asihudumiwe na wanaume. Pawe na kitu cha kukinga upepo. “Na maji je?” aliuliza mjukuu wake mdogo. “Maji nitayasikia,” alisema.

Hatukurudi Likasi. Kutoka siku hiyo tulichagua vituo kwa njia nyingine. Tulisimama mapema, jua likiwa bado juu, kwa sababu anayechelewa hachagui mahali, huchaguliwa na giza. Tulitafuta kwanza watu, kisha maji. Nako Pweto, mahali mto Luvua unapotoka ziwani na kuanza safari yake kuelekea Lualaba, tulijifunza swali ambalo tunawapa ninyi pia: “Watoto wenu wanaoga wapi?” Mwenyeji akiulizwa kama ufuko ni mzuri, atasema ndiyo kwa adabu. Akiulizwa wanakooga watoto wake, atawaonyesha mahali pasipo na mamba, na atawazuia kuingia penye maji yaliyotulia na majani mengi, wanakokaa konokono wanaoeneza kichocho. Kuuliza si ujinga.

Usiku wa Marungu hatukuwa na ziwa lolote. Ni nyanda za juu, na baridi ya mwezi wa saba huko si ya mchezo. Tulilala katika kijiji, ndani ya nyumba ya udongo, na kijana wetu wa pili alinung'unika kwamba hicho hakikuwa kituo cha likizo. Lakini ni pale, kando ya moto, Kambo alipotusimulia mambo ambayo hatukuwahi kuyasikia: jinsi wavuvi wa Moba walivyoingia ziwani usiku na mienge ya moto ili kuwavuta ndakala, na jinsi yeye, akiwa msichana, alivyokaa ukingoni akijaribu kutambua ni mwenge upi wa baba yake. Kijana wetu aliacha kunung'unika. Aliuliza maswali mpaka moto ulipobaki makaa.

Siku ya pili yake tulifika Kirungu, kwenye mwinuko juu ya ziwa, mji wa misioni ulioitwa zamani Baudouinville, ambako Stefano Kaoze alipewa upadre mwaka 1917, Mkongomani wa kwanza wa nyakati zetu kuupata. Chini yetu lilitandaza ziwa Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita zaidi ya 1,400, la buluu mpaka macho yanauma. Upande mmoja watoto waliona ufuko wa mchanga, mtulivu, mzuri kuliko ule wa Mweru. Hawakusema kitu. Walimtazama Kambo.

Kambo alichagua bandari ya mitumbwi. Palikuwa na kelele, na harufu ya ndakala waliokuwa wakikaushwa juani, na takataka ambazo picha nzuri hazionyeshi. Lakini udongo wake ulikuwa mgumu, umekanyagwa na miguu ya vizazi, na kila hatua chache palikuwa na mtumbwi wa kushikilia. Akina mama waliokuwa wakigeuza samaki walimsalimu kwa Kitabwa. Akawajibu kwa Kitabwa, lugha ambayo sisi, watoto wake, tunaijua kwa maneno machache ya kubembeleza watoto. Wawili walimshika mikono. Alitembea polepole kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, akaingia majini mpaka vifundoni, akasimama. Wajukuu walikaa juu ya ukingo wa mtumbwi karibu naye, na hakuna aliyerusha maji.

Usiku huo tulilala uani kwa mmoja wa akina mama hao. Taa za wavuvi zilienea ziwani kama mji. Kambo alikataa kuingia ndani mpaka usiku wa manane.

Asubuhi tuliondoka. Zile usiku tatu za Pweto zilikuwa zimekula siku tulizokuwa tumemwekea Moba, na gari lilikuwa lazima lirudi. Alikuwa amengoja miaka 61, akapata usiku mmoja. Hajawahi kutulaumu. Lakini sisi tunajua kwamba usiku nyingine zilibaki kwenye mchanga wa Mweru, kwa sababu tulichagua mahali kwa macho ya wenye nguvu.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, Esau anamwalika Yakobo wasafiri pamoja. Yakobo anakataa kwa upole. Anaeleza kwamba watoto wake ni wachanga, na wanyama wake wananyonyesha. Wakiharakishwa siku moja tu, kundi litakufa. Kwa hiyo atakwenda kwa mwendo wao. Tulikuwa tumelifundisha somo hilo kwa wakatekumeni miaka mingi, na hatukuwahi kuliona kuwa ni somo la kupanga safari.

Ndiyo maana majina tuliyowapa wajumbe wenu si jibu. Kwanza, fukwe hubadilika: katika miaka ya karibuni maji ya Tanganyika yamepanda, na mwaka 2021, tena mwaka 2024, yaliingia katika nyumba za watu huko Kalemie na Uvira. Huenda mahali tulipoandika leo ni maji matupu. Hali ya usalama wa barabara nayo hubadilika. Ulizeni parokia za njiani kabla ya kuondoka, si mkiwa njiani. Lakini sababu kubwa ni kwamba hatuwajui watakaopanda gari lenu.

Basi, katika mkutano wenu ujao, kabla ya kufungua ramani, jibuni maswali haya na kuandika majina. Nani kati yetu anatembea polepole kuliko wote? Nani ana ugonjwa ambao hapendi kuutaja mbele ya wengine, na ni nani atakayemuuliza faraghani? Wasichana watalala wapi, na choo chao kiko umbali gani? Nani hajui kuogelea, na nani atakayebaki naye ukingoni bila kumcheka? Na yule anayenyamaza kila tunapopanga, ananyamaza kwa sababu amekubali, au kwa sababu hajaulizwa?

Mkishaandika majina hayo, rudini kwetu. Chai itakuwepo, na Kambo, akiwa na nguvu siku hiyo, atakaa nasi. Safari hii ramani tutaitandaza upande wake wa meza.