Nguvu ya Mazoea

Wahenga walisema kuwa mazoea yana taabu. Maana yao ni kwamba jambo lililozoeleka haliachiki kwa urahisi. Maneno hayo hayapingiki, lakini kila nguvu ina pande mbili: moto uunguzao nyumba ndio upikao chakula. Ikiwa mazoea mabaya humng'ang'ania mtu kwa ukaidi, mazoea mema humng'ang'ania kwa ukaidi uleule. Ukaidi huo waweza kuwa mlinzi wa afya zetu.

Mifano yangu naitoa Garissa, kwa kuwa ndiko nilikokaa na kutazama. Mji huu uko kando ya Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Tana hutoka katika baridi ya Mlima Kenya na Nyandarua, na ufikapo kwetu umekwisha kubeba udongo wa nchi nyingi. Mikokoteni ya punda husambaza mitungi ya maji mitaani. Mchana joto mara nyingi hufika nyuzi 35 au zaidi, na mwenye kiu haulizi maji yametoka wapi.

Sasa tazama jambo la ajabu. Hapana nyumba ya Garissa isiyopika chai. Maji na maziwa huchemshwa pamoja, yakatiwa iliki, mdalasini na tangawizi, wala hapana anayehitaji kuamrishwa kufanya hivyo. Lakini katika baadhi ya nyumba hizo hizo, chai ikiisha kuepuliwa, mtoto huchota kikombe cha maji mabichi, na mzee huletewa maziwa ya ngamia yasiyoona moto. Makaa yapo, sufuria ipo. Kilichokosekana ni mazoea tu.

Upungufu huo si mdogo. Kipindupindu kilichozuka Kenya mwezi wa Oktoba 2022 kilifika Kaunti ya Garissa, hata katika kambi za wakimbizi za Dadaab. Maradhi hayo yaweza kumwua mtu kwa muda wa saa chache asipotibiwa. Lakini maji yakitokota sawasawa kwa dakika moja, vijidudu vyake hufa. Maziwa mabichi nayo huweza kuleta bruselosi, homa ijayo na kuondoka, ikiacha maumivu ya viungo.

Je, elimu peke yake yatosha? Kisiwa cha Malta chatujibu. Mwaka 1905 tabibu Themistocles Zammit aligundua kwamba homa hiyo ilitoka kwa mbuzi wa kisiwa. Mwaka 1906 askari wa Kiingereza waliokuwa huko walikatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na ugonjwa ukapungua sana kati yao. Raia wengi waliendelea na desturi yao, wakaendelea kuugua kwa miaka mingi. Habari ilikuwa moja na kisiwa kilikuwa kimoja. Mazoea ndiyo yaliyotofautiana.

Yamkini mtu atasema: wazee wetu walikunywa maziwa mabichi wakaishi miaka mingi. Ni kweli tunawaona walioishi. Waliolala na homa mwaka baada ya mwaka, nani aliwahesabu? Tena wazee hao hawakuwa wazembe. Mama wa kifugaji huosha chombo chake cha maziwa, kisha hukifukiza kwa moshi wa mti aliouchagua. Moshi hauwezi kazi ya kuchemsha, lakini kazi yake yadai subira kubwa kuliko kuteleka sufuria. Awezaye hilo hashindwi na hili.

Basi namna bora ya kupata zoea jipya ni kulifunga katika zoea la zamani. Jirani yangu mmoja alianza hivi: kila alipoepua chai, aliteleka sufuria ya maji ya kunywa kabla makaa hayajafifia. Hakuhubiri wala hakugomba. Baada ya miezi michache alisafiri, na binti yake akaendelea kuteleka sufuria ile bila ya kuagizwa. Kadhalika, penye birika la kutawadhia pawekwe sabuni. Mikono iliyokwisha kuzoea maji mara tano kwa siku haitaona sabuni kuwa mgeni, na aendaye kula au atokaye chooni ataikuta tayari.

Jihadhari na viapo vikubwa. Asemaye, "Kuanzia kesho nitakuwa mtu mpya," aghalabu huchoka siku ya tatu. Chagua jambo moja dogo, lishike mwezi mzima, hata ufike wakati ambapo kuliacha ni taabu kuliko kulitenda. Hapo ndipo uongeze la pili. Hivyo ndivyo afya ijengwavyo, na hivyo ndivyo elimu, uaminifu na kila sifa njema vijengwavyo.

Enyi vijana, mnayoyarudia leo ndiyo yatakayowatawala kesho. Mchagueni mtawala wenu mapema, kwa maana akiisha kukalia kiti hashuki kwa urahisi.