Tumbo Kushoto!

Katika ukunga wangu huku Mgeta, hakuna kitu nilichokifundisha kwa bidii kama kuvuta tumbo. Niliwafundisha wauguzi wapya, mhudumu wa usafi, hata dereva. Moyo wa mjamzito ukisimama, wote hukimbilia kifuani, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini mimba ikishafika kitovuni, mama akilala chali, mfuko wa uzazi huilalia mishipa mikubwa na damu hairudi moyoni. Utabonyeza kifua bure. Lazima mwenzako alishike tumbo kwa mikono miwili, alivute kushoto, asiliachie.

Usiku mmoja wa mvua aliletwa binti kutoka upande wa Nyandira, mimba ya miezi minane, kifafa cha mimba. Alikotoka alishachomwa magnesiamu ya kukizuia. Tukiwa tunampima presha, pumzi ikakata. Nikapapasa shingo: hakuna mapigo. “Tumbo kushoto!” Mhudumu wa usafi alikuwa ameshalishika. Nikabonyeza mara 30, pumzi 2 za begi, tena 30. Magnesiamu ikizidi huzima pumzi, kisha moyo, kwa hiyo tulimpa kalsiamu glukoneti gramu 1 kwenye mshipa wa mkono. Mguuni dawa ingechelewa. Daktari alisimama na kisu, macho kwenye saa. Dakika 4 zikipita, mtoto hutolewa palepale kitandani, kwanza kwa ajili ya mama mwenyewe. Hazikufika. Mapigo yakarudi.

Hapo wengi hulegea, na hapo ndipo mimi huwa mkali. Tulimlaza ubavu wa kushoto, oksijeni puani, tukapima sukari, mkojo, presha tena na tena. Nikasikiliza moyo wa mtoto. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye aliyekuja kusema kwa niaba ya ukoo.

“Nesi, na mtoto?”

“Mjomba, tumshike mama kwanza. Pumzi ya mtoto ni ya mama yake.”

Tulipiga 115, namba ya m-mama ya kuita gari la dharura, tukateremka kona zote hadi Mzumbe, kisha Morogoro. Huko alipasuliwa, wakatoka wote wawili wazima.

Waliporudi nilimweleza mjomba kwamba kifafa huweza kuja hata baada ya kujifungua: kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, msiseme ni uchovu. Siku chache baadaye mjomba alipiga simu usiku: binti kichwa kinamuuma. Sikumwambia asubiri kukuche. Gari likapanda Nyandira.