Mpaka wa Shingoni

Butembo tunaamini kwamba mwanamume hajipaki. Nimekua nikisikia hivyo nyumbani na kanisani, wala sikuona sababu ya kuuliza. Hata hivyo vinyozi wetu, hapa na kule Beni, sehemu ya riziki yao ni kupaka. Kijana akishanyolewa, huchorwa ukingo wa paji la uso kwa rangi nyeusi, ndevu zikajazwa pale zilipokosekana, shingo ikamalizwa kwa poda. Na mimi, tangu mvi zilipoanza kunitokea kidevuni, nikiulizwa, "Papa, tutie nyeusi kidogo?" huitikia kwa kichwa, kana kwamba ameulizwa mtu mwingine.

Mpwa wangu aliye Brussels ndiye aliyenitia katika mawazo haya. Alitutumia picha, macho yamezungushiwa wanja, anacheka. Ukoo mzima ulinyamaza. Nilinyamaza nami, na mpaka leo sijui kama ulikuwa uungwana au woga. Nikajituliza kwamba huko Ulaya wameshakubali. Lakini wamekubali nini hasa? Mwaka 2018 kampuni ya Kifaransa ya Chanel ilipotoa vipodozi vyake vya wanaume, ikianzia Korea Kusini, vilikuwa krimu ya kusawazisha ngozi, kalamu ya nyusi na mafuta ya midomo yasiyong'aa. Vyote vya kufanya kazi kimyakimya! Basi huenda hata huko rangi inayopita bila maneno ni ile inayojikana. Mwenye wanja wa wazi, mpwa wangu ananiambia, bado hugeukiwa kwenye tramu.

Wala si kwamba sisi Wakongomani tunachukia urembo wa kiume. Mwanamuziki Papa Wemba, aliyefia jukwaani Abidjan mwaka 2016, aliwazoesha watu wengi kumheshimu mwanamume anayejipamba kwa mavazi. Ila mpaka tuliuweka shingoni: chini ya kola, ruksa, juu yake, aibu. Wawodaabe wa Niger hawaujui mpaka huo. Kwenye ngoma yao ya Gerewol vijana hupaka nyuso rangi na macho wanja, na waamuzi ni wanawake. Nani aliuchora wetu, na lini, sijaweza kupata jibu linaloniridhisha.

Desemba mpwa wangu anakuja. Mama yake, dada yangu wa Beni, ameniomba kama mjomba nimwambie aje uso mtupu. Sijamjibu. Najaribu kwanza kujua ningemwomba hivyo kwa ajili ya nani: yeye, majirani, au mimi nitakayeketi naye kanisani.