Mkono Unaolisha Nyumba

Mama akiingia kwangu na mkono uliovimba baada ya kuondolewa titi, simwulizi kwanza unamuuma kiasi gani. Ninamwuliza: "Mama, unabeba nini, na unakibeba namna gani?" Akinijibu bidoni ya maji ya lita 20, kitunga cha muhogo, mtoto mgongoni na jembe begani, nimeshajua kazi iliyo mbele yetu.

Mimi ni kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nafanya kazi Goma, na wagonjwa wangu wengi wanatoka Masisi, kwenye vilima vya maharagwe na malisho ya ng'ombe, au Walikale, kule msituni ambako mgonjwa akianza safari hajui kama atafika kwa pikipiki, kwa miguu au kwenye tipoyi, machela ya kubebwa na watu. Wengi hufika kansa ikiwa imekomaa, kwa hiyo daktari huondoa titi lote pamoja na tezi za kwapani. Wachache wenye uwezo huvuka mpaka kwenda Kigali kupigwa mionzi, huduma iliyoanza katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe mwaka 2019. Kisu na mionzi huokoa maisha. Lakini vyote viwili huharibu njia ya maji ya mkono.

Damu inapozunguka, maji kidogo huvuja kutoka mishipa myembamba na kubaki ndani ya nyama. Maji hayo, limfu, yana mishipa yake ya kuyarudisha, na mishipa ya mkono hupitia kwenye tezi za kwapani. Tezi zikiondolewa, maji hutuama kama mtaro ulioziba siku ya mvua. Hiyo ndiyo limfedema. Kati ya wanawake 5 walioondolewa tezi hizo, karibu mmoja huipata. Inaweza kuanza baada ya miezi michache, au baada ya miaka, mama akiwa ameshasahau tarehe ya upasuaji wake.

Nilipoanza kazi nilifundisha kama nilivyofundishwa: mkono huo usibebe kitu tena. Mama mmoja wa Masisi alinitii. Aliacha kulima, akaukunja mkono kifuani kama mtu aliyevunjika. Aliporudi baada ya msimu mmoja, bega lilikuwa limekakamaa, hawezi hata kujifunga kilemba, na mkono umevimba kupita mwanzo. Shamba alililima binti yake, ambaye kwa ajili hiyo aliacha shule. Kwa neno langu moja nyumba nzima ilikuwa imepoteza mkono. Sijalirudia tena.

Baadaye nilisoma utafiti uliotoka mwaka 2009 katika jarida la New England Journal of Medicine. Kathryn Schmitz na wenzake, huko Marekani, waliwafuata wanawake 141 wenye limfedema. Nusu yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakiongeza uzito polepole na chini ya uangalizi. Mikono yao haikuvimba zaidi ya ya wenzao. Tena waliozidiwa na ugonjwa walikuwa wachache zaidi miongoni mwa walionyanyua. Msuli ukikaza na kulegea, husukuma maji. Mkono uliofichwa hauna wa kuyasukuma.

Kwa hiyo sasa ninafundisha kubeba. Wiki za kwanza ni kukunja ngumi, kukunja kiwiko, na kupandisha vidole ukutani kidogo kidogo. Kidonda kikishapona, mama anaanza na lita mbili za maji, kisha tatu, wiki kwa wiki. Jembe alishike kwa nusu saa, apumzike. Usiku akihisi mkono mzito, kesho apunguze. Kitunga chetu cha mgongoni, ambacho mkanda wake hupita kwenye paji la uso, hakilielemei kwapa. Ugumu uko pale pa kukiinua, basi amwite jirani amtweke. Siku moja nilimtazama mama akimfunga mtoto mgongoni. Kitenge kilipita chini ya kwapa lililopasuliwa, na fundo likakaza juu ya kovu. Tulifungua, tukapitisha kitenge upande wa pili. Ilichukua dakika moja, na alikuwa amekifunga vile kwa miezi minane.

Ngozi nayo inataka ulinzi, kwa sababu mkono huo umepungukiwa na askari wa kupigana na vijidudu. Osha kwa sabuni, kausha hadi katikati ya vidole, paka vaseline isipasuke. Panga likikukwaruza au mwiba ukikuchoma, safisha palepale. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa ikapanda, hayo ni maambukizi: antibiotiki zianze siku hiyohiyo, na bande zisifungwe hadi yatulie. Kila ambukizo huharibu njia nyingine ya maji. Sindano na presha zitumie mkono mwingine ukiwezekana, lakini mama mwenye malaria kali asikoseshwe dawa ya mshipa kwa sababu hiyo. Na uvimbe wa ghafla wenye maumivu, au kivimbe kipya kwapani, aone daktari bila kungoja, maana huenda ni damu iliyoganda au kansa iliyorudi.

Linaloniumiza zaidi ni wembe. Mkono ukivimba, majirani husema karuho, sumu ya mtu mwenye wivu, na mama anapelekwa kuchanjwa ili sumu itoke. Maji hutoka kweli, kila mtu akayaona, na kila chale ikawa mlango wa vijidudu. Siwabezi wazee wanaoamini hivyo. Ninamkalisha mume pamoja na mama mkwe, ninachora kwapa kwenye karatasi, na ninawaonyesha ni wapi njia ilikatwa na nani aliikata: daktari, ili kuiondoa kansa. Wakishaona, mara nyingi mama mkwe ndiye anayekuwa mlinzi wa kwanza wa mkono ule.

Mkono uliokwisha kuvimba tunaufunga bande ngumu isiyovutika sana. Tunaanza na vidole, kimoja kimoja, kisha pamba laini, kisha bande hadi karibu na kwapa, mkazo ukipungua kadiri tunavyopanda. Mama akiusogeza mkono, msuli unagonga ukuta wa bande na maji yanapanda. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, afungue. Kukanda kuwe kwepesi, kama anavyompapasa mtoto anayesinzia. Ninamwambia pia ukweli: limfedema haiponi kabisa, ila inatawaliwa, na ikishikwa mapema hutawaliwa vizuri.

Kuishika mapema kunataka kipimo. Tofauti ya sentimita 2 kati ya leo na kabla ya upasuaji inatosha kututia wasiwasi. Kwa kuwa wengi hawana futi ya fundi cherehani, ninatumia uzi mgumu. Kabla ya upasuaji ninauzungusha kiganja kimoja chini ya kiwiko na kiganja kimoja juu yake, nikifunga fundo kwa kila kipimo. Nyumbani mama anaurudia kila Jumapili. Ncha ya uzi ikikosa kulifikia fundo, na pengo likikaribia upana wa kidole gumba, aje.

Machi 2025 vita vilipofika Walikale-Centre, mama mmoja niliyemfundisha alikimbilia msituni na watoto. Alipofika kwangu miezi kadhaa baadaye, bande zake zilikuwa zimepotea, kadi ya hospitali pia. Alifungua pindo la kitenge, akautoa uzi. "Muganga, uzi umepungua kwa nusu kidole." Tulianza kufunga siku ileile, na mkono ulirudi karibu na kipimo chake kabla ngozi haijawa ngumu.

Muganga mwenzangu wa Masisi au Walikale, huenda huna mashine wala mkono wa mpira wa kubana. Lakini dakika kumi za kuzungumza na mama, pamoja na yule atakayemsaidia nyumbani, unazo. Mwulize anabeba nini. Na kabla hujamwandikia barua ya kwenda kupasuliwa, kata uzi.